Msimamizi amekalia sura zangu za tasnifu miezi kumi na mmoja, na sasa chuo kinanidai karo ya muhula mwingine

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu njia zote za adabu nimezijaribu zikaisha. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika falsafa kwenye chuo kikuu kimoja cha umma huku magharibi mwa Kenya, na mchana ninafundisha shule ya sekondari mjini Kisumu. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati, pendekezo la utafiti nikalitetea mbele ya idara, na kibali kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu nikakipata bila kisirani chochote. Tangu hapo nimekwama kwa mtu mmoja.

Mwezi wa Machi mwaka jana nilipeleka sura tatu za kwanza pamoja na mazungumzo yangu ya awali na wazee, kurasa 94 kwa jumla, nikatia sahihi katika kaunta buku la katibu wa idara. Msimamizi alizirudisha Februari mwaka huu. Nilipompigia simu alikuwa anasahihisha mitihani, au yuko kwenye warsha, na baadaye akaacha kabisa kupokea. Mara mbili nilizikuta karatasi zangu palepale juu ya kabati la faili, mara ya pili zikiwa zimewekewa chupa ya chai, na hadi leo ukurasa wa kwanza una duara la kahawia.

Nilipokabidhiwa nilizifunua nikiwa bado nimesimama koridoni. Kalamu nyekundu inaishia ukurasa wa 11. Amehamisha koma mbili, akakosoa mtindo wa marejeo ambao ni yeye mwenyewe aliyeniamuru niufuate, na pambizoni akaandika swali moja: "Lakini hii ni falsafa?"

Tasnifu yangu inahusu falsafa ya wahenga, mradi ulioanzishwa na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya sabini kwa kusudi la kujibu swali hilohilo. Wakati wengine wakibishana kama mila na methali za kabila zima zinaweza kuitwa falsafa, Oruka, mzaliwa wa Nyanza, aliwafuata wazee vijijini mmoja mmoja, akamtenga mhenga anayehifadhi tu alichorithi na yule anayekihoji, akakikubali au kukikataa kwa hoja zake mwenyewe. Huyo wa pili ndiye aliyemhesabu kuwa mwanafalsafa. Mjadala huo wote, pamoja na lawama alizotupiwa Oruka hadi alipofariki mwaka wa 1995 na baada ya hapo, nimeueleza kuanzia ukurasa wa 31. Aliyeishia ukurasa wa 11 angeuonea wapi?

Hilo ningelimeza. Nisiloweza kulimeza ni kwamba utafiti wa aina hii hauishi kwa ziara moja. Ziara ya kwanza unasikiliza. Ya pili unarudi na pingamizi, umchokoze mzee uone kama atalitetea neno lake au atajificha nyuma ya desturi. Mimi nilikuwa nimempata mzee wa zaidi ya miaka themanini huko Ugenya, matatu hadi Ugunja kisha bodaboda, na aliniambia bila kupepesa macho kwamba chira, ile balaa inayosemekana kumpata Mjaluo anayevunja mwiko, mara nyingi ni jina la ugonjwa ambao watu hawakutaka kuupeleka hospitali. Nikamuuliza, basi jaduong' (yaani mzee), kama ni hofu tu, mbona hofu hiyo imewazuia watu kutenda mabaya mengi? Alicheka, akaomba nimwandikie swali hilo kwa Kijaluo alilalie, nikirudi tulimalize.

Sikurudi. Msimamizi alikuwa ameniamuru, kwa barua pepe ninayo, nisikanyage tena uwandani kabla hajapitia sura zile. Mzee alifariki mwezi wa Novemba. Karatasi zangu wakati huo zilikuwa chini ya chupa ya chai.

Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwamba wazee ni wengi, nitafute mwingine. (Huyu ni mtu anayefundisha maadili mwaka wa kwanza.)

Wiki iliyopita ofisi ya fedha imenitumia ujumbe kwamba nimepitisha muda, kwa hiyo nilipe karo ya muhula mzima ndipo nisajiliwe upya, na bado ninatakiwa nichapishe makala katika jarida kabla ya kuhitimu. Kucheleweshwa nimecheleweshwa na mwajiriwa wao, bili inaletwa kwangu.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Aliyewahi kubadilishiwa msimamizi katikati ya tasnifu anieleze barua alimwandikia nani kwanza, mwenyekiti wa idara au mkurugenzi wa masomo ya uzamili, na kama tarehe za barua pepe zilikubaliwa kuwa ushahidi. Ninazo kumi na saba. Pia ningependa kujua kama kuna aliyefaulu kusamehewa karo ya muda aliocheleweshwa. Wanaotaka kuniambia kwamba falsafa haina kazi wafungue uzi wao.