Je, filamu za kutisha huzifikia riwaya zilizozizaa?

Msomaji wa Usiku

Wanajukwaa, salaam. Nimemaliza kuisoma The Shining, riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977, kisha nikaitazama filamu aliyoiongoza Stanley Kubrick mwaka 1980. Filamu imenitisha, sikatai, lakini mtu niliyemfahamu kitabuni sikumkuta humo. Katika riwaya, Jack Torrance ni baba anayempenda mwanawe, aliyewahi kumvunja mkono akiwa amelewa, aliyepoteza kazi ya ualimu kwa kumpiga mwanafunzi, na anayekwenda kulinda hoteli milimani wakati wa theluji akiamini kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kujirekebisha. Tunamshuhudia akiteleza hatua kwa hatua, mizimu ya hoteli hiyo ikimteka. Katika filamu, Jack Nicholson, mwigizaji anayemwigiza, anaonekana ameshaharibika tangu siku ya usaili, na King mwenyewe amelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Naomba maoni yenu: je, filamu inaweza kweli kuifikia riwaya ya kutisha, au hofu ya kwenye karatasi haihamishiki?

Taa ya Chemli

Ndugu Msomaji, hoja yako ni nzito, ila sioni kwamba filamu ina deni la kuturudishia mtu yuleyule. King ana mamia ya kurasa za kutuingiza kichwani mwa Jack: tunaisikia kiu yake ya pombe, tunamwona akitafuna vidonge vya maumivu ya kichwa, tunayafuata mawazo yake anapopekua kumbukumbu za hoteli kule chini kwenye boila, mtambo wa kulipasha jengo joto. Kamera haina njia ya kupita humo, kwa hiyo Kubrick alitafuta picha moja ya kuifanya kazi hiyo. Kumbuka pale Wendy, mke wa Jack, anapoisogelea taipureta ya mumewe, ambaye muda wote huo amekuwa akidai kwamba anaandika kitabu, akakuta sentensi moja tu imerudiwa ukurasa baada ya ukurasa, mara imepangwa kama aya, mara kama mazungumzo ya mchezo wa kuigiza, na makosa ya uchapaji yakijitokeza hapa na pale. Anafunua karatasi moja, anafunua nyingine, na kila anavyofunua ndivyo anavyozidi kuharakisha. Tukio hilo halimo katika riwaya, na bado sijaona jingine linaloueleza wazimu wa mtu huyo kwa ukamilifu kama huo.

Tazama pia kilichotokea mwaka 1997, King alipoandika mwenyewe skripti ya tamthilia ya televisheni ya sehemu tatu, iliyorekodiwa katika Hoteli ya Stanley, Colorado, alikolala mwaka 1974 na kupata wazo la riwaya. Boila lilirudi, toba ya baba ilirudi, na vile vichaka vilivyokatwa kwa maumbo ya wanyama vilirudi pia. Kitabuni vichaka hivyo husogea pale mtu anapogeuza macho, na hapo ndipo penye kitisho chote. Vilipotengenezwa kwa kompyuta na kuonyeshwa vikitembea, kitisho hicho kiliyeyuka.

Bibi Kurasa

Kuhusu taipureta nakubaliana nawe kabisa, lakini mwisho wa filamu ile siwezi kuusamehe. Katika riwaya, Jack anamkabili mwanawe Danny akiwa na rungu mkononi, na kwa kitambo kifupi nafsi yake halisi inarudi, akamwambia mtoto akimbie na akumbuke jinsi anavyopendwa, kisha hoteli inamteka tena. Boila ambalo hakuna aliyelipunguza presha linalipuka na jengo lote linateketea. Kubrick amempa shoka na kumwacha agande kwa baridi katika vichochoro vya bustani, bila hata dakika moja ya kujitambua. Hallorann, mpishi ambaye kitabuni anawaokoa mama na mtoto, katika filamu anatoka Florida hadi milimani ili auawe mara anapoingia hotelini. Kamera haikumlazimisha mtu yeyote kufanya mabadiliko hayo. Kilichonitisha mimi kitabuni ni kwamba nilimpenda Jack na nikawa nachelea kumpoteza. Ukiuondoa upendo huo, anabaki mtu mwenye shoka tu, na watu wa namna hiyo tumeshawaona katika filamu nyingi.

Mfuatiliaji

Naomba tuiangalie na The Exorcist, hadithi ya mtoto aliyepagawa na pepo, kwa kuwa William Peter Blatty aliandika riwaya mwaka 1971, akaandika pia skripti ya filamu ya William Friedkin ya mwaka 1973, na skripti hiyo ikampatia tuzo ya Oscar. Mengi yalikatwa. Kisa cha binti wa mtumishi Karl, aliyezama katika dawa za kulevya, hakimo, na zile kurasa ambamo Padri Karras, ambaye pia ni daktari wa magonjwa ya akili, anasaka maelezo ya kitabibu kabla ya kukubali kumpunga mtoto pepo, zimefupishwa mno. Hata hivyo padri aliyeyumba katika imani na kulemewa na kifo cha mama yake amebaki mzima, na ndiyo maana siioni filamu hiyo kuwa chini ya kitabu.

Bibi Kurasa, kama hujaitazama Doctor Sleep, filamu ya Mike Flanagan ya mwaka 2019 iliyotokana na riwaya ya King ya mwaka 2013, mwendelezo wa The Shining, nakusihi uitazame. Danny, sasa mtu mzima, anarudi katika hoteli ileile ya Kubrick, na katika dakika za mwisho anafanya yale ambayo baba yake aliyafanya kitabuni: anaipokonya hoteli nafsi yake kwa muda wa kutosha kumwambia mtoto akimbie, na boila linateketeza kila kitu.