Tupeane uzoefu: mbwa aina ya Labrador au Golden Retriever kwenye nyumba yenye watoto na uwanja mdogo

Baba Wawili
Wakuu habari za jioni. Juzi nimepita na wanangu kwa jamaa yangu Salasala nikakuta ana mtoto wa Labrador, dume jeusi, linamburuza dada wa kazi uwanja mzima na kamba yake. Tangu siku hiyo nyumbani wimbo ni mmoja, baba na sisi tunataka. Kiwanja changu Goba ni ishirini kwa ishirini na nyumba imekula karibu chote. Mimi na mama watoto tunatoka alfajiri tunarudi usiku, foleni mnaijua, anabaki dada na watoto. Mbwa nimekua nao kwetu Mbozi ila wale wa kawaida, anakula makombo, mchana anazurura, usiku anabweka basi. Hawa naambiwa hawatulii, na mi nataka pia alinde. Waliofuga njooni. Wauzaji naomba mpite kimya kimya.

Chalii wa Njiro
Umenitonesha mkuu. Nilikuwa na Labrador jike, wale wa njano. Nyumba nzima kazini na shuleni, yeye anashinda uani peke yake. Alianza na viatu tukasema utoto huo. Akahamia bomba la simtank, lile la plastiki linaloshuka chini, akalitafuna mpaka likatoboka, jioni tunarudi tangi tupu, uani tope, na yeye katikati ya tope anatingisha mkia kama katufanyia kazi. Sasa msimu wa mahindi ya kuchoma dogo mmoja akamrushia gunzi, na hawa ukirusha kitu wamekwenda, akalidaka hewani na kabla mtu hajamfikia kashalimeza. Usiku ule alikula kama kawaida. Kesho yake anatapika, hadi maji yanarudi, keshokutwa kalala kakodoa macho tu, na Labrador akikataa chakula ujue pana jambo. Daktari wa mifugo akamminya tumbo kwa vidole taratibu, akasimama sehemu moja, akachukua mkono wangu akauweka palepale. Nililigusa lile gunzi aisee, gumu, limekaa kwa ndani hivi pembeni. Kapasuliwa usiku huohuo, kipande cha utumbo kilishaanza kuwa cheusi wakakikata. Alipona ila hela iliyotoka sitaki hata kuitaja hapa wife anasomaga huu uzi. Kwangu mahindi ya kuchoma yanaliwa nje ya geti mpaka leo.

Mama Tatu
Gunzi ni adui kabisa. Wa kwangu alimeza soksi ya shule, ilitoka yenyewe, njia msiniulize.

Kanali Mstaafu
Naona swali la ulinzi wote mnalikwepa. Mleta mada, kwa ulinzi usahau. Hawa walizalishwa kwa kazi ya wawindaji wa ndege, mzungu anapiga bata kwenye maji, mbwa anaogelea anamleta mdomoni bila kumtafuna. Golden alitengenezwa na tajiri mmoja kule Scotland, Lord Tweedmouth, uzao wa kwanza 1868. Labrador babu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada. Kwa hiyo ni mbwa wa kushinda na watu na kuambiwa leta. Mwizi akiruka ukuta Labrador atamletea kandambili. Ukimfungia bandani mchana kutwa ndo hayo ya bomba. Akishakua anataka mazoezi saa moja mpaka mbili kila siku, sio kufunguliwa azunguke nyumba, kutembea na kukimbia na mtu.

Kipara Ngoto
Kanali unamtisha bure. Mi ninaye Tabata, chumba na sebule, anatoka jioni robo saa anarudi kulala.

Kanali Mstaafu
Ana kilo ngapi huyo?

Kipara Ngoto
Hamsini na kitu hivi, ana afya.

Kanali Mstaafu
Dume la Labrador likizidi sana ni kilo 36 au 37. Huyo wako kavimba. Karibu robo ya Labrador wana hitilafu ya jeni inayowafanya wasishibe, watafiti wa Cambridge waliipata 2016. Punguza ugali, mbwa ataharibika nyonga.

Kipara Ngoto
Kwa hiyo ugali wangu nao una watafiti. Haya.

Mwanakheri wa Tanga
Jamani mie ngoja niwape langu. Mume wangu aliletewa Golden na bosi wake mzungu aliyekuwa anarudi kwao, mbwa mzima, mpole, analala mlangoni na paka juu yake. Jirani yetu ukutani ni mjumbe, anafuga bata, na bata wale anawapenda kuliko wajukuu. Siku hiyo fensi ya makuti imeangushwa na upepo. Nipo jikoni nakuna nazi nasikia kwaa kwaa barazani. Natoka nakuta bata kalala kwenye mkeka wangu, kalowa mate kuanzia shingoni, mzima wa afya, ananitazama. Nageuka kumwita mume wangu, mbwa kaingia na wa pili. Kamshika hivi mgongoni, kichwa cha bata kinaning'inia upande wa kulia anapiga kelele, mbwa kamweka chini pole pole karibu na mwenzake, kakaa kitako kanitazama nimsifie. Halafu huyo karudi tena! Nikimwita hasikii, na mie kumshika naogopa mkono wote una tui. Mjumbe anatoka msikitini anakuta mbwa anavuka na bata wake wa mwisho, yule dume mkubwa, na hajatoka hata unyoya. Kilichofuata pale ukutani sikiandiki, watoto wanapita humu.

Chalii wa Njiro
Nimecheka mpaka bosi kaja kuangalia 🤣🤣 sasa mjumbe ulimlipa?

Mama Tatu
Alipwe nini na bata wazima?

Abuu Swafaa
Tusicheke tu ndugu zangu. Bata wamepata mate ya mbwa, ni kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na mkeka pia.

Msafiri Muscat
Kwa Imam Malik mate ya mbwa si najisi.

Abuu Swafaa
Sisi pwani ni Shafi, ya Malik wapelekee Morocco.

Kipara Ngoto
Lakini si mbwa wa kuwinda karuhusiwa? Kanali kasema hawa ni wa kuwinda. Yumo.

Abuu Swafaa
Basi na wewe na kilo zako hamsini nendeni mkawinde.

Msafiri Muscat
Nirudi kwenye mada. Huku bosi wangu anao wawili, kiangazi joto linapita 40, wanalala kwenye kiyoyozi kuliko sisi. Kutembea ni kabla ya jua tu, lami inaunguza nyayo. Mchana mmoja dereva alimkimbiza na mpira, mbwa akaanza kuhema, ulimi umekuwa mwekundu sana, akayumba. Alimwagiwa maji akapepewa, akakimbizwa kwa daktari, akapona. Kwa Dar mwezi wa kwanza na wa pili, chunga.

Dogo wa Mbagala
Mnyoe tu manyoya yote mkuu, joto linaisha.

Mama Tatu
Usimnyoe! Manyoya yao ni tabaka mbili, ukinyoa jua linampiga ngozi na yakiota yanaota ovyo. Mchane na chanuo basi. Shida ya pwani ni kupe, wale wanaleta homa, fizi zinakuwa nyeupe mbwa anaisha ndani ya muda mfupi. Na masikio yao yameanguka, akiogelea mkaushe, yanaoza.

Dogo wa Mbagala
Basi chukua wawili wacheze wenyewe.

Chalii wa Njiro
Wawili ndo wanakula na tangi lenyewe.

Kanali Mstaafu
Mleta mada, kwa ratiba yako mtoto wa Labrador hapana. Mpaka afike miaka miwili mitatu ndo anatulia, na mtoto wako wa chekechea atakuwa anaangushwa kila saa, sio kwa ukali, kwa furaha tu. Kama lazima, fanya alivyofanya mume wa Mwanakheri, tafuta mkubwa kwa wageni wanaohama Masaki na Oysterbay, huwa wanawagawa, uliza cheti cha chanjo ya kichaa. Na ulinzi weka mbwa wetu wa kawaida, au taa.

Mwanakheri wa Tanga
Ila na mkubwa muulize kwanza kama anajua bata.

Baba Wawili
Asanteni wote. Nimemsomea mama watoto uzi, kacheka, kauliza nani ataamka saa kumi kumtembeza, nimenyamaza. Dada naye alikuwa anasikiliza. Kasema mbwa akiingia getini yeye anatoka kwa geti hilohilo.

Mama Tatu
Mkuu dada kakaa na watoto wako muda wote huo, usimchezee.

Dogo wa Mbagala
Nina Golden wa miezi minne, chanjo zote, bei maelewano

Baba Wawili
Nilisema wauzaji mpite.

Chalii wa Njiro
Mwanakheri hujajibu, mjumbe alilipwa au hakulipwa?