Roki ya bendi kamili ila mwimbaji hayupo: Miku, Rin, GUMI, flower au Teto?

BesiNzito:
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga besi kwenye kabendi ketu ka mtaani, tuko wanne, mwimbaji wetu kapata kazi mkoani kaondoka, sasa wiki mbili hizi nimezama kwenye roki ya Kijapani inayoimbwa na watu ambao hawapo, Hatsune Miku na wenzake, yaani sauti za programu za kompyuta zilizopewa majina na sura, nilidhani ni kelele za kengele za gemu tu kumbe kuna nyimbo zina gitaa mbili, besi na drumu kama umekaa nao chumba kimoja! Kwa sasa nimepanga hivi: Miku kwa nyimbo za kasi, Rin kwa za hasira, GUMI yuko katikati, flower ndo mwenye koo la roki kuliko wote, na Kasane Teto huyu wa sasa anaimba kama mtu mpaka napata wasiwasi. Ukitaka ladha ya laivu unamchukua nani?

Mpenzi_wa_Snea:
Umemuweka flower juu ya Rin? Hapana aisee. Rin ana kasauti kama bati linakwaruzwa na ndo uzuri wake, gitaa zikijaa disto (ule mkwaruzo wa gitaa la umeme) zinakaa zote katikati yeye anapita juu. Sikiliza Tokyo Teddy Bear ya mtunzi Neru, 2011, korasi imejaa gitaa kila kona na bado kila silabi unaipata. Sasa mweke Luka, mwenzao mwingine, pale na sauti yake ya chini uone kama hajamezwa.

wifi_wa_Miku:
Flower mwacheni jamani, sauti yake hujui ni ya kaka au dada, na Charles ya mtunzi balloon ya 2016 inatosha kuwa ushahidi. Ila mimi kwa Miku sihami. Nenda kwa mtunzi wowaka, Rolling Girl ya 2010, gitaa linakimbia, maneno yanakimbia, hakuna pa kuvuta pumzi, hapo ndo unaelewa faida ya kuimbiwa na mtu asiye na mapafu. Baadaye wowaka akaunda bendi ya watu wa kweli, Hitorie, akashika gitaa na maiki akaimba mwenyewe nyimbo za kasi ileile, na koo unalisikia kabisa linavyobanwa mwisho wa mstari. Nazipenda hizo kuliko za Miku, nakiri hapa hapa na jina langu hili. Alifariki Aprili 2019, ana miaka 31 tu. Bendi ikaendelea, mpiga gitaa wao akachukua maiki.

Mpenzi_wa_Snea:
Na hapo hapo kuna kitu BesiNzito hajakiona. Mpiga drumu wa Hitorie, Yumao, ndo huyohuyo aliyempigia Jin, mtunzi mwingine wa nyimbo hizi, kwenye albamu za mradi wake wa Kagerou. Kwa hiyo mnabishana koo la nani wakati ladha ya laivu imekaa kwenye drumu. Waimbaji wote ni wa kompyuta, sawa, lakini snea, ile ngoma ndogo kali ya kwenye drumu, ikipigwa na mkono haifanani mara mbili, kuna inayochelewa kidogo, kuna inayogonga ukingo wa ngoma, na sikio lako linadanganyika kwamba hata anayeimba yupo.

Mzee_wa_Dansi:
Vijana shikamooni ya kinyumenyume. Mimi ni mtu wa dansi, nimekulia kwenye kumbi. Mwimbaji akinogewa anarudia kiitikio, solo linamjibu, bendi nzima inamsubiri amalize utamu wake. Huyo wenu akinogewa inakuwaje?

wifi_wa_Miku:
Marahaba mzee 😂 Hanogewi. Kwenye Magical Mirai, matamasha yaliyoanza 2013, jukwaani kuna gitaa, besi, kinanda na drumu za watu wazima wanaotoka jasho, Miku ni picha kwenye skrini katikati na sauti yake ilishatengenezwa zamani. Mpiga drumu anasikilizia mapigo masikioni, wengine wanamfuata yeye. Mtu akikosea hakuna cha kurudia, Miku ameshaondoka.

Mzee_wa_Dansi:
Basi huyo ndo kiongozi wa bendi mkali kuliko wote niliowahi kusikia.

FundiPlagi:
Mnachanganya waimbaji na mitambo. Miku alianzia kwenye Vocaloid, programu ya Yamaha ya kuimbisha kompyuta, kampuni ya Crypton ya Sapporo ilimtoa 31 Agosti 2007 kwa sauti ya Saki Fujita, na Miku wa zamani kila silabi unaichonga mwenyewe. Teto alianza kama utani wa siku ya wajinga 2008, watu wakamtengenezea sauti kwenye UTAU, programu ya bure, halafu 2023 akapewa sauti ya akili bandia kwenye Synthesizer V, programu nyingine ya kuimbisha, huyo ndo anayekutia wasiwasi. Kwa roki mimi nampendelea Teto mpya kwenye miksi maana sihangaiki, ila kuna wakati anaimba vizuri mno wimbo unakosa kile kiwazimu cha Miku. GUMI ni mzuri, basi.

Halafu BesiNzito kama unataka mwimbe Kiswahili, una bahati. Kijapani nacho kina irabu tano na silabi karibu zote zinaishia na irabu, "ninakumbuka" unaiandika ni-na-ku-n-bu-ka na hiyo n mbele ya b Wajapani huitamka m. Hata "mtu" inakaribia maana n yao ina pigo lake peke yake, ila itatoka "ntu". Kiingereza kwa benki hizo za sauti za Kijapani, yaani mafaili ya silabi zilizorekodiwa, ni mateso.

BesiNzito:
Nimejaribu jana usiku kwa Teto wa UTAU kwa sababu mfuko hauruhusu lingine. Kwanza programu ilinitolea viboksi viboksi mpaka nilipoibadilisha Windows isome Kijapani. Nikamwekea mstari wetu wa kwanza, "mvua imegonga mlango wangu". Benki niliyoshusha haina v wala l. Imetoka "mbua imegonga nrango". Nikawapigia wenzangu mazoezini na besi na gitaa juu yake, gitaa mbili, drumu za mkono kama Snea anavyotaka, na kwa kweli imesimama, yaani korasi imesimama kabisa! Ila mpiga drumu kaacha katikati kaniuliza mbua ni nini.

FundiPlagi:
Tafuta benki yenye v, zipo.

Mpenzi_wa_Snea:
Au weka manyunyu.