Mkojo wa mfungwa ukisoma chanya, jaji aingilie au amwachie mkuu wa gereza?

Mwana Ukonga
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili, maana nimelala nalo siku tatu.

Kila asubuhi nikipanda gari Gongo la Mboto kwenda mjini napita nje ya ukuta wa gereza la Ukonga. Nimekua nikiuona huo ukuta, na sijawahi kujiuliza mtu aliye ndani akiongezewa siku anamlilia nani. Wiki hii nimesoma kesi za Marekani za wafungwa wanaoadhibiwa kwa kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya, ndiyo swali likanikaba.

Kule mfungwa mwenye tabia njema anapunguziwa siku, na akikutwa na kosa la nidhamu siku zile zinarudi. Mwaka 1974, katika kesi ya Wolff dhidi ya McDonnell iliyotoka Nebraska, Mahakama ya Juu ilisema huwezi kumnyang'anya siku zake hivihivi: apewe tuhuma kwa maandishi si chini ya saa 24 kabla, na baadaye aandikiwe ni ushahidi gani uliomtia hatiani. Hapo nilifurahi. Lakini mwaka 1985 ikaja kesi ya gereza la Walpole, Massachusetts. Askari alisikia vurugu, akamkuta mfungwa kaumizwa, akaona watatu wanatokomea kwenye njia ya uani. Hakuna aliyeona ngumi ikirushwa. Wawili wakapoteza siku 100 kila mmoja, na Mahakama ya Juu ikasema ukiwepo ushahidi kiasi tu, hata uwe mwembamba, inatosha. Tangu hapo mahakama nyingi za kule zinatumia kanuni hiyohiyo kwenye mkojo. Karatasi ikisema chanya, basi, jaji anafunga jalada.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu akiamuliwa haki zake na mahakama "au chombo kinginecho" atapewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya rufaa au nafuu nyingine. Nami nasema mkuu wa gereza ni chombo kinginecho. Kwa hiyo jaji asiishie kuuliza kama karatasi ya majibu ipo. Aulize kama karatasi hiyo ina nguvu ya kubeba miezi ya mtu. Mkuu wa gereza hakusomea kemia.

Kauli Moja
Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika ukiwa nje ya ukuta. Mahakama zimejaa. Kuna watu wana kesi za viwanja tangu mtoto yuko chekechea, leo anaolewa. Unataka jaji wa Mahakama Kuu aache hayo akachungulie kopo la mkojo?

Halafu kila aliyenaswa husema kaonewa. Ni kama madereva wa malori, ukimpima anakwambia alikunywa dawa ya kikohozi. Kikohozi gani hicho kinachowashika wakifika Tunduma?

Tunduma Kila Wiki
Kauli Moja, hapo kwa madereva umenigusa na sitanyamaza.

Mimi ni dereva wa tela miaka 14. Mwaka juzi nilikuwa na kifua, nikanunua dawa ya maji ya kikohozi upande wa pili wa mpaka, nikanywa vifuniko viwili usiku na viwili alfajiri. Nilipofika Dar nikapimwa kwa tajiri wangu, sitaji ni nani. Kijana akachovya kijiti, akakiangalia, akaniambia "mzee umekula unga". Hakuniuliza natumia dawa gani. Chupa ilikuwa ndani ya gari, nusu imebaki! Nikamwambia nikalete, akasema bosi ameshapigiwa simu. Nilishushwa gari siku hiyohiyo na begi langu. Wanangu wawili walikuwa sekondari.

Usinifanyie mzaha wa kikohozi.

Kauli Moja
Pole, ndugu yangu, lakini wewe mwenyewe umekiri ulikunywa dawa ya kulevya ukaendesha tela. Dawa hizo za kikohozi zina kodeini, na kodeini ni kodeini. Ungemgonga mtu Mikumi ungesema ni kikohozi?

Tunduma Kila Wiki
Nimesema nilikunywa dawa ya kifua, wewe unaandika nimekiri. Ndivyo walivyoniandika na wao.

Fundi Maabara
Naomba niingie, hii ndiyo kazi yangu.

Kijiti kile hakitambui unga. Kinatambua familia nzima ya vitu vinavyofanana. Kodeini ikiingia mwilini, sehemu yake ini linaigeuza kuwa mofini, na mofini ndiyo kijiti kinayoitafuta kwa mtu wa heroini. Kwa hiyo dereva kasema kweli na kijiti hakikukosea. Aliyekosea ni aliyesoma kijiti akaacha kumsikiliza mtu.

Na kukisoma kwenyewe ni mtihani. Wengi wetu tumezoea kipimo cha malaria, mistari miwili unao ugonjwa. Cha dawa za kulevya ni kinyume chake: mistari miwili maana yake u msafi, mstari wa kipimo ukikosekana ndipo kinasomwa chanya. Na mstari hafifu kama kivuli nao unahesabika ni mstari. Nimeshuhudia kijana aliyehamishwa kutoka chumba cha malaria akisoma kinyume asubuhi nzima. Wasafi wanne aliwaandika wachafu, mchafu mmoja akamwandika msafi, na huyo msafi wa uongo alitoka mlangoni anacheka. Tulistuka kwa sababu ya kicheko chake tu.

Sasa turudi magerezani. Kifua kikuu kinapenda sehemu zenye msongamano. Dawa yake mojawapo, rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, baadhi ya vipimo vya haraka huisoma kama afyuni, yaani ile familia ya heroini na kodeini. Efavirenzi, dawa ya VVU ambayo watu wetu walimeza kwa miaka kabla ya kuhamishiwa dolutegraviri, baadhi ya vipimo huisoma kama bangi. Na bangi yenyewe kwa mvutaji wa kila siku hubaki kwenye mkojo wiki kadhaa, inaweza kufika mwezi na zaidi. Mtu anaingia rumande leo, anapimwa wiki ya tatu, anaonekana kavutia ndani.

Dawa ya kipimo kufananisha vitu hivi ni kurudia sampuli kwenye mashine kubwa, ile inayotenganisha kemikali moja moja na kuitambua kwa uzito wake.

Afande Mstaafu
Nimesoma toka juu. Nimekwama hapa: "Mkuu wa gereza hakusomea kemia." Kijana, nimevaa magwanda miaka 27. Tulikuwa na wenzetu wana shahada, na tulikuwa na watu wa darasa la saba wenye busara kuliko hao wenye shahada. Usitufanye mbumbumbu.

Mnajua unga unaingiaje? Nilishawahi kushika kandambili ya mfungwa, ya bluu, imechakaa kisigino. Uzito wake haukuwa sawa na mwenzake. Nikaikunja, soli ikafunguka kama mdomo. Ilikuwa imechanwa kwa wembe, ndani kete zimepangwa kama mbegu za boga, halafu ikabandikwa na gundi ya fundi viatu. Huyo naye nimsubirie jaji? Wiki moja ukimchekea, ndiye anayeamua nani alale wapi na nani ale nini. Nidhamu ya gereza ina saa yake.

Mwana Ukonga
Shikamoo, mzee. Neno langu lilikuwa kali, nalirudisha. Sikukusudia kuwadharau.

Ila mzee, kete uliishika mkononi. Ungeweza kumwekea jaji mezani na mtu yeyote angeona. Mimi nazungumzia mkojo, ambapo kosa lenyewe halionekani mpaka kijiti kiseme.

Afande Mstaafu
Marahaba. Umenijibu kiungwana. Lakini neno "mbumbumbu" bado liko hewani.

Mwana Ukonga
Mzee, hilo umelileta wewe.

Mama Swaumu
Mnabishana na mnapendeza, ila mimi ni mama na nina langu.

Mwanangu wa pili alikuwa teja. Nimemfuata vijiweni usiku, nimemwosha kama mtoto mchanga. Alipokubali methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, nilikuwa naamka naye saa kumi na moja, tunakwenda Mwananyamala, anasimama dirishani anakunywa mbele ya nesi, tunarudi. Kila siku ya Mungu, pamoja na Idi. Baadaye akafungwa kwa kosa lake la zamani la wizi, sitetei. Hofu yangu kubwa haikuwa kuonewa na kipimo. Ilikuwa unga umfuate ndani, baada ya kuamka kote kule. Kwa hiyo mimi nataka wapimwe, tena mara kwa mara. Msije mkaweka sheria nyingi mpaka askari aogope kupima.

Lakini huyu dereva mmwombe radhi. Mwanangu alipopona, kila kilichopotea mtaani waligonga kwangu. Teja haaminiki hata akiwa na miaka mitatu msafi, naijua hiyo hali.

Kauli Moja
Mama, kwa heshima yako nanyamaza kuhusu madereva.

Tunduma Kila Wiki
Kunyamaza si radhi.

Wakili wa Kisutu
Mnachanganya mambo mawili. Mapitio ya mahakama si rufaa. Jaji hakai upya kuamua kama ulivuta au hukuvuta. Anaangalia kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, alikusikiliza, na hakuamua kitu ambacho mtu mwenye akili timamu asingeamua. Waingereza nao waliwahi kudai nidhamu ya gereza haigusiki, mpaka kesi zilizotokana na fujo za gereza la Hull zilipofika Mahakama ya Rufani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mlango ukafunguliwa.

Kwetu, kwa kanuni za mapitio za 2014, unaomba kwanza kibali cha mahakama, na unakiomba ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Kibali kikipatikana ndipo unaleta maombi yenyewe. Sasa chukua mfungwa aliyepoteza siku 60. Hana nakala ya uamuzi, hana hela ya wakili, kiapo chake lazima kiapwe mbele ya mtu mwenye mamlaka. Mpaka jalada lipangiwe jaji, siku zenyewe ameshazimaliza. Mlango upo, ila yeye hafiki mlangoni.

Kauli Moja
Si ndiyo nilichosema mwanzo? Haina maana.

Wakili wa Kisutu
Hapana. Ulisema haifai. Mimi nasema haifikiki.

Mwana Ukonga
Naomba turudi kwenye swali, jamani. New York, mwaka 2019, magereza walileta mashine mpya za kupima mkojo. Ghafla wafungwa wengi wakaonekana wana buprenofini, dawa inayotibu uraibu wa heroini. Watu waliwekwa peke yao chumbani, wengine wakakatiwa kutembelewa na watoto wao. Januari 2022 ripoti ya mkaguzi mkuu wa jimbo ikatoka: maelekezo ya kipimo chenyewe yalisema majibu ya kwanza yathibitishwe kwa njia nyingine, na magereza hayakuthibitisha. Kumbukumbu za adhabu zikafutwa. Lakini siku za upweke utazifutaje?

Na hawa si watu wa kijiti cha mkononi, walikuwa na mashine. Kama jaji angeuliza mapema swali moja tu, "mmethibitisha?", mambo yasingefika huko.

Afande Mstaafu
Uthibitisho analipa nani? Kupeleka kila chupa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni gari, mafuta, askari wa kusindikiza na foleni. Kuna siku karandinga lilikosa mafuta ya kuwapeleka maabusu mahakamani Kisutu, wewe unazungumzia mkojo.

Fundi Maabara
Afande, si kila chupa. Ni ile ambayo mfungwa anaikataa. Wengi wanaokula kweli hukiri wakiambiwa chupa inaenda kurudiwa. Kinachotakiwa ni kugawa mkojo palepale mbele yake, chupa mbili, lakiri, sahihi yake na ya askari, ya pili inagandishwa.

Afande Mstaafu
Chupa mbili naziweza. Hilo hata darasa la saba wangu angeliweza. Sheria ikisema chupa mbili, itafanyika. Ila jaji asiniambie nimwache mtu selo moja na wenzake wakati chupa inasubiri.

Wakili wa Kisutu
Hapo mzee una hoja. Kumtenga kwa muda ni kitu kimoja, kumwondolea msamaha wake wa theluthi, ile sehemu ya kifungo anayopunguziwa kwa tabia njema, ni kitu kingine. Cha kwanza kinaweza kufanyika leo. Cha pili kisubiri.

Mama Swaumu
Sasa hapo mmeniridhisha. Fundi, samahani, huyu wangu alikuwa na kifua kikuu kabla ya kufungwa na alimeza zile za mkojo wa chungwa miezi sita. Hiyo rifampisini uliyoitaja ndiyo hizo?

Fundi Maabara
Ndizo, mama. Atunze kadi yake ya matibabu, na mara yoyote akipimwa aitaje dawa kabla ya kutoa mkojo, iandikwe kwenye fomu.

Tunduma Kila Wiki
Fundi, hiyo chupa ya pili ikigandishwa inakaa muda gani?

Fundi Maabara
Miezi. Kwa dawa nyingi bado unapata majibu yaleyale.

Tunduma Kila Wiki
Yangu ilikuwa moja. Waliimwaga kwenye sinki nikiwa nimesimama naangalia, kijana akafungua bomba, akaisuuza.