Zamu za Baba Mdogo

Zainabu: Habari za jioni wote. Nani asubuhi, nani usiku? Nasubiri.

Zainabu: Tiki za bluu kumi na moja. Hakuna mwenye mdomo?

Rashidi: Anaendeleaje?

Zainabu: Maji jagi kwa jagi, msalani kila saa, choo kikubwa siku ya nne hajapata. Leo anamwita Mwanaidi "mama".

Juma: Mwanaidi naye ana sura ya kale 😂

Mwanaidi: Juma utalaaniwa. Majibu ya damu: kalsiamu 2.9 mmol/L, albumini, ile protini ya damu inayobeba kalsiamu, 28 g/L. Hiyo 2.9 isiwadanganye, albumini ikishuka kipimo husoma chini. 40 toa 28, zidisha 0.02, jumlisha: 3.14. Kawaida haizidi 2.6 hivi, ndiyo inayomfanya hivyo.

Rashidi: Si picha ya mifupa ilikuwa safi?

Mwanaidi: Saratani si lazima ifike mifupani. Uvimbe wa paja wenyewe unaweza kumwaga protini inayoiga homoni ya parathiroidi, ile inayopandisha kalsiamu: mifupa inaachia kalsiamu, figo zinaizuia isitoke. Kwa sarkoma ya tishu laini, saratani kama hii yake, ni nadra, ndiyo maana watu husingizia morfini ya maumivu kwa choo kugoma na kuchanganyikiwa.

Juma: Tumnyime maziwa basi

Mwanaidi: Maziwa hayana kosa. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D viachwe. Kile cha presha cha kukojoza, haidroklorothiazaidi, nacho huzuia kalsiamu kutoka kwa mkojo, daktari ambadilishie.

Zainabu: Vya kalsiamu alileta nani?

Fatuma: Nitajeni tu. Kama ile ya funguo.

Zainabu: Funguo tuliziacha.

Fatuma: Mliziacha nyinyi.

Babu: Funguo zitangoja. Mwanangu hajui aliko, nanyi mnapanga kesho. Apelekwe sasa hivi.

Zainabu: Shikamoo Babu. Tumesikia.

Rashidi: Natoa gari.

Mwanaidi: Dripu ya chumvi 0.9% ndiyo ya kwanza. Akianza kuhema au kuvimba miguu semeni, maji yamezidi. Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla ya asidi ya zoledroniki, dripu ya kushusha kalsiamu: 4 mg, isipite chini ya dakika 15. Hiyo huchukua siku 2 hadi 4 kushusha. Dawa nyingine, kalsitonini, huwahi kwa saa chache ila nguvu yake huisha kama siku mbili. Figo zikiwa mbovu, waulizeni dawa ya denosumabu badala ya zoledroniki. Na moyo upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Juma: Usiku labda mimi

Zainabu: Labda si zamu.

Rashidi: Tumefika, dripu inaingia. Nani analala hapa?

Zainabu: Juma?

Zainabu: Juma, nimeona umesoma.