Riwaya ipi kuhusu ubinafsi na ubepari: Atlas Shrugged, The Fountainhead au Dunia Uwanja wa Fujo?

Mkazi wa Shangani (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Mtwara mjini tuna kikundi cha kusoma, watu tisa. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi nyuma ya duka la mwenzetu, kahawa na kashata mezani. Kikao kilichopita mmoja wetu alisema watu wa kusini tunakwama kwa sababu hatujajifunza ubinafsi. Nadhani alimaanisha kila mtu asimame kwa miguu yake, ila neno lilivyomtoka kikao kikaharibika, kahawa ikapoa. Tukakubaliana tutafute riwaya moja inayolichimba jambo hilo, tuisome wote, halafu ndiyo tugombane vizuri. Kazi ya kuchagua nimeachiwa mimi na nimebaki na tatu.

Atlas Shrugged ya Ayn Rand, 1957. Huyu mama alizaliwa Urusi mwaka 1905, mapinduzi yakamkuta bado binti mdogo, duka la dawa la baba yake likachukuliwa na serikali. Mwaka 1926 akaenda Marekani akalowea huko. Kitabu kinahusu wenye viwanda, wenye reli na wagunduzi wanaoamua kugoma. Wanatoweka mmoja mmoja, serikali inazidi kutoa amri, treni zinazidi kusimama. Kuna swali humo ambalo sijawahi kulisikia kwenye baraza lolote la hapa: yule tunayemwegemea wote akichoka akautua mzigo, itakuwaje? Tatizo ni kwamba kurasa zinapita 1000, na ndani yake kuna hotuba moja ya redioni inayokwenda kurasa kama 60. Nimelala nayo mara mbili. Halafu kila anayempinga mwandishi ni mjinga au mwoga, hajapewa hoja hata moja ya maana.

The Fountainhead, ya huyo huyo, 1943. Msanifu majengo Howard Roark anakubali kuchora nyumba za watu wa kipato kidogo kwa sharti moja tu, mchoro wake usiguswe. Unaguswa. Anayalipua majengo kwa baruti, anakwenda kujitetea mahakamani. Hapa ubepari uko kwa mbali, Roark hata fedha hazimshughulishi. Ni ubinafsi mtupu, wa mtu na kazi yake.

Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, 1975. Tumaini wa Ukerewe anarithi mali, anaitapanya kwa starehe, anakuja kuzinduka na kuwa mkulima mkubwa, na hapo ndipo Ujamaa unapomkuta. Mwisho sisemi.

Mimi naelekea kwa Atlas, kwa sababu ya lile swali. Nipingeni.

Korosho Ghafi

Mkuu, kurasa 1000? Kitabu hicho unawekea mlango usibamizwe na upepo wa kusi. Oktoba minada ya korosho inaanza, nani atakuwa na muda huo? Kura yangu Kezilahabi, bila hata kusoma hoja.

Mwalimu wa Chalk

Habari zenu vijana. Nimestaafu, niko Masasi, kwa hiyo muda wa kurasa 1000 mimi ninao.

Kabla ya vitabu tutengeneze maneno. "Ubinafsi" kwa Kiswahili ni tusi. Mtu akila peke yake tunamwita mbinafsi, hatuna maana tuliangalia falsafa yake. Rand alilijua hilo hata kwa lugha yake, na mwaka 1964 alitoa kitabu cha makala kinachouita ubinafsi kuwa ni fadhila. Alitaka neno limshtue msomaji. Mwenzenu kikaoni kafanya kilekile bila kujua, nanyi mkashtuka. Pengine alichotaka kusema ni kujitegemea, neno ambalo Azimio la Arusha la Februari 1967 liliandika sambamba na ujamaa. Ila kujitegemea kule ilikuwa kwa nchi na kijiji. Kujitegemea kwa mtu mmoja dhidi ya kijiji chake hakukuwa na jina zuri.

"Bepari" nayo ina safari yake. Ilikuja na Wahindi ikiwa na maana ya mfanyabiashara, basi. Siasa ndiyo iliyoipachika mirija. Nilikuwa mwalimu kijana wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970 watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, tunafundisha watoto kwamba ubepari ni unyama na bepari ni kupe. Nilipokuja kumsoma Rand uzeeni nilicheka peke yangu, maana naye ana kupe wake. Kwake yeye kupe ni afisa, ni ndugu anayeomba, ni yeyote anayedai kwa kuwa ana shida. Tusi ni lilelile, limegeuziwa upande wa pili.

Kwa hiyo nawashauri Kezilahabi. Hakumpenda tajiri wala hakumpenda afisa. Tumaini anapotaifishiwa shamba unamwonea huruma, halafu anamuua kiongozi na kuhukumiwa kifo, na wewe msomaji unabaki hujui umlilie nani. Mwandishi alikuwa mwanafalsafa kwelikweli, shahada yake ya udaktari aliifanya Marekani, Wisconsin, juu ya falsafa ya Kiafrika.

Kama mnapenda, ongezeni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Mtu anaacha kazi nzuri ya mjini anakwenda kulima kijijini. Ubinafsi wa namna hiyo hauhitaji baruti.

Korosho Ghafi

Mwalimu shikamoo, lakini umetuambia mwisho wa kitabu.

Mzee wa Mizani

Naomba niseme kama mtu aliyekuwa upande wa pili. Zamani nilifanya kangomba. Najua humu mtanirushia mawe.

Kwa wasiotoka huku: kangomba ni kununua korosho nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka mzigo ghalani ukauzwe kwa mnada. Mkulima ana shida leo, mnada uko mbali, mimi nina pesa mkononi, tunamalizana kichakani. Niliposoma habari za Rearden kwenye Atlas, yule mwenye chuma chake kipya ambacho serikali inataka agawane na wenzake kwa lazima, nilisema huyu ndugu yangu. Nimelala juu ya magunia, nimekopa kwa riba, nimebeba hatari yote, halafu naitwa kupe na mtu anayelipwa mshahara mvua inyeshe isinyeshe.

Mwaka 2018 ndiyo usiseme. Wakulima walikataa bei mnadani. Hebu fikirini, mgomo uleule wa kitabuni, ila aliyegoma ni mwenye nusu eka! Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na wenye mzigo mkubwa wakahakikiwa kama mashamba wanayo kweli. Mimi shamba sikuwa nalo. Malizieni wenyewe.

Nachagua Atlas. Mfanyabiashara naye ana haki ya kitabu kimoja duniani kinachomtetea.

Binti Newala

Kaka Mizani sikurushii jiwe, nakuuliza tu. Kwa Rand biashara halali ni watu wawili huru, kila mmoja anaweza kusema hapana akaondoka. Bibi yangu alikuwa anauza korosho zikiwa bado maua. Mwezi wa saba, hela ya salfa ya kupulizia mikorosho hakuna, mjukuu karudishwa shule, mnunuzi yuko uani na bakuli lake la kupimia. Angesema hapana akaenda wapi? Bakuli lenyewe lilikuwa na kitako kilichobonyezwa kwa nje, linabeba zaidi ya linavyoonekana. Katika kurasa zote zile 1000 sikumkuta bibi yangu. Wako mabingwa wanaosaini mikataba na wako wavivu wanaolalamika. Mtu mchapakazi aliyebanwa tu na njaa ya mwezi mmoja, hakuwekewa kiti.

Na lile bonde la milimani wanakojificha mabingwa, watoto wachache sana, wazee siwaoni. Huko mtu akifiwa nani anatandika jamvi?

Hata hivyo Mkazi, usikitupe chote. Kuna kisa ambacho mzururaji mmoja anamsimulia Dagny, yule dada anayeendesha kampuni ya reli, ndani ya treni, habari za kiwanda cha mota kilichoamua kila mtu afanye kazi kwa uwezo wake na alipwe kwa mahitaji yake. Mwanzoni wanapiga makofi. Baadaye kila mtu anaficha uwezo na kutangaza shida, jirani anachunguza jirani kala nini, mtoto akizaliwa watu wananuna kwa kuwa ni mdomo mwingine. Nilikisoma nikakumbuka shamba la kijiji alilokuwa ananisimulia babu, ambako asubuhi ya kulima nusu ya kijiji ilikuwa inaumwa mgongo. Kisa hicho kinajitosheleza.

Mzee wa Mizani

La bakuli limenigusa dada. Nisingependa kulijibu hapa.

Fundi Mpingo

Mimi ni mchongaji, niseme kuhusu Fountainhead ambayo mmeiruka kama shimo la barabarani.

Roark ni sisi. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka Mmasai mwenye mkuki, urefu huu, ang'arishwe kwa kiwi. Wewe kichwani una kingine kabisa. Unachonga cha nani? Wazee wetu wa Kimakonde waliokuwa wanachongea wateja wa Dar miaka ya 1950 waliligusa swali hilo. Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani ambayo hakuna aliyeagiza, yakapata soko kwa sababu hayakufanana na kitu chochote. Huo ni ubinafsi ninaoutetea, na Rand asingepata mfano bora kuliko huo.

Lakini angalieni na kile kinyago kingine, tunachokiita ujamaa au dimoongo, ambacho husemwa kilianzia kwa Roberto Yakobo Sangwani. Gogo moja la mpingo, watu wamepandana, huyu kakanyaga bega la yule, mkono wa mmoja unaanzia mgongoni mwa mwingine. Atlas wa Wagiriki kabeba mbingu peke yake, ndiyo maana Rand akamwambia apandishe mabega aache idondoke. Kwenye dimoongo ukimtoa mmoja hakuna kinachodondoka, kinyago kizima kinakuwa kuni. Juu kabisa yuko mmoja mkubwa, hilo sikatai. Halafu kichekesho: kinyago hicho cha ujamaa tunakiuza kwa watalii kwa bei ya kubishana, na kila mchongaji anaficha wateja wake.

Kura yangu Fountainhead. Kuna mengi ya kubishania, na hotuba ni fupi.

Mmachinga Halisi

Niko Lindi, na jina langu si utani, kabila langu ndilo hilo. Jina letu limegeuzwa la kila anayetembeza soksi barabarani Tanzania nzima, kwa hiyo mada ya ubepari nina hisa ndani yake.

Mjomba wangu alikwenda Dar na nguo alizovaa. Sasa ana maduka. Mkimsikiliza anasimulia kama Galt mwenyewe, yule kiongozi wa mgomo kwenye Atlas, "nilipambana peke yangu." Peke yake wapi? Alilala miaka miwili kwenye chumba cha binamu Mbagala, mzigo wa kwanza alikopeshwa na mtu wa kwao kwa neno la mdomo, alipoumwa alirudishwa kwa mchango. Sisemi hakupambana. Nasema hesabu yake imeruka mistari. Na yeye sasa anakimbia simu za ndugu, anasema wanamnyonya, jambo ambalo nalo lina ukweli wake maana wengine kweli wamezidi.

Nataka riwaya inayoweza kumweka mjomba na ndugu zake wote kwenye ukurasa mmoja bila kumfanya yeyote shetani. Kwa hizo tatu, Kezilahabi ndiye anayekaribia.

Reli Iliyong'olewa

Naona Atlas ni kitabu cha reli na mko Mtwara, na hakuna aliyetaja reli yetu.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, misitu ikang'olewa, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zimeteketea. Reli ikabaki bila mzigo wa kutosha, na miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa.

Rand angepiga magoti kwa furaha, maana waliopanga ni maofisa na aliyelipa si aliyeamua. Lakini bandari ile ile ya maofisa ndiyo iliyopitisha korosho mpaka leo. Hakuna bepari aliyekuwa tayari kuja kuijenga. Nyie pimeni. Mimi nasema someni Atlas, mkiwa mmekaa pale bandarini.

Mkazi wa Shangani (mwenye mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nilikuja na Atlas kichwani naondoka nikiwa nimeyumba, hasa kwa bibi wa Newala na mjomba wa Lindi.

Tutafanya hivi. Mwezi huu na ujao Dunia Uwanja wa Fujo, wote, kitabu kizima. Mwezi utakaofuata kisa cha kiwanda cha mota kwenye Atlas peke yake, nitakitafsiri kwa mdomo pale kikaoni kwa sababu wenzetu wawili Kiingereza kinawachosha. Fundi Mpingo, kama uko jirani njoo na dimoongo moja, hata ndogo, tuiweke mezani. Mzee wa Mizani nawe karibu, kahawa juu yangu. Fountainhead inasubiri mwakani.

Swali la mwisho: nakala za Kezilahabi. Dukani nimepata moja tu.

Binti Newala

Ninayo ya mama, ya zamani, haina jalada. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa.

Korosho Ghafi

Hamna shida, mwisho mwalimu ameshatusimulia.