Mwamba ukishapasuka, gesi inabakije humo ndani?

mwana_ngamiani:
Wakuu habari za jioni, nipo Tanga nasoma jiolojia mwaka wa pili, kuna kitu kinanichanganya. Mapango ya Amboni tunaambiwa maji yalipenya kwenye nyufa za chokaa yakaila mpaka pakawa pango, maana yake ufa ni njia. Halafu darasani tunaambiwa ukitafuta mafuta tafuta falti, yaani ufa ambao mawe ya pande zake mbili yamesogezana, ndo mtego ulipo, pale mafuta au gesi inaponaswa. Sasa si ingeshavuja yote jamani?

chongoleani_kwetu:
Ingevuja yote tusingejengewa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la Uganda hapa Chongoleani 😂 km 1,443 toka Hoima, na kule Ziwa Albert ni bonde la ufa, falti tupu

fundi_visima:
Dogo, Amboni weka pembeni kwanza, chokaa inayeyuka. Kwenye falti angalia imekutanisha nini na nini. Upande huu una jiwe la mchanga lenye gesi, upande wa pili matabaka yameshuka mpaka mwamba wa tope umekaa uso kwa uso na ule mchanga, basi gesi haina pa kupita. Mchanga ukikutana na mchanga inaweza kuvuka ikaenda zake. Na hata hapo kuna bahati, maana matabaka yakiburuzana tope linapakazwa kwenye falti kama siagi kwenye boflo na linaziba.

mwana_ngamiani:
Ahaa, kwa hiyo ukishaiona falti kwenye seismiki, ile picha ya chini ya ardhi ya mawimbi ya mtetemo, umemaliza?

dada_miamba:
Hujamaliza mdogo wangu, na hapa ndo wengi wanaruka. Seismiki inakupa umbo, haikwambii falti leo imebanwa kiasi gani. Uzito wa mawe unaongezeka kama megapaskali 23 kila kilomita, presha ya maji ya kwenye vitundu vya mwamba kama 10 hivi, sasa hiyo presha ya ndani ikipanda ule mbano unaoshikilia kuta mbili za falti unapungua, na falti iliyokaa kwa pembe mbaya inateleza, ikiteleza inaweza kufungua njia hata kama tope lilikuwepo. Kuchimba nako hivyo hivyo, matope ya kuchimbia, yale yanayojazwa kisimani wakati wa kuchimba, yakiwa mepesi kuta za kisima zinabomoka, yakiwa mazito mno unapasua mwamba na matope yanapotelea humo.

mwana_ngamiani:
Sawa dada, ila mwelekeo wa huo mbano mnaujuaje huko chini?

dada_miamba:
Kisima chenyewe kinasema. Kikiwa wima, kuta zinamegeka pande mbili zinazotazamana, na zinamegeka upande wenye msukumo mdogo wa mlalo. Shusha kifaa cha kupima kipenyo, kile kirefu ndo mwelekeo wa msukumo mdogo, mkubwa uko nyuzi 90 toka hapo.

fundi_visima:
Ila hakikisha si bomba la kuchimbia limesugua ukuta wa upande mmoja, hilo nalo linatanua shimo